Filamu Ambazo Hatukuzitazama





Katika jumuiya ndogo ndogo moja ya hapa Mtanda, tulisoma habari za Natanaeli katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohane. Mtu huyu mwema, baada ya kusikia kwamba Masiha amepatikana naye ni wa Nazareti, alitia shaka papo hapo kama mji ule mdogo ungeweza kutoa chochote chema. Filipo hakubishana naye. Alimwalika tu aende akajionee mwenyewe. Natanaeli akaenda, akaona, na neno lake la kwanza likageuka kuwa ungamo la imani.

Baada ya sala mazungumzo yalihamia kwenye mambo ya siku hizi. Mama mmoja alisema, tena kwa fahari, kwamba tangu azaliwe hajapata kuingia katika jumba la sinema. Kijana mmoja alikiri kwamba filamu ya Titanic anaisikia tangu utoto, ameimba wimbo wake na kuvaa fulana yenye picha yake, lakini hajawahi kuitazama. Mwingine akasema kuna filamu ambazo hatazitazama kamwe kwa kuwa ameambiwa zina upotovu. Tukamwuliza nani alimwambia. Akacheka, akasema, “Baba, watu wanasema.”

Neno hilo tuliondoka nalo, na kwa siku kadhaa halikutuacha. Tumezoea kuandika historia ya mambo ambayo watu waliyaona. Mara chache tunajiuliza juu ya historia ya mambo ambayo watu hawakuyaona, na kwa nini hawakuyaona. Kwa upande wa sinema katika nchi yetu na pwani yetu, historia hiyo ipo, na ina fundisho kwa dhamiri ya Mkristo. Juma hili tuitazame pamoja.

WALIOKOSA NA WALIOZUIWA

Sinema iliingia pwani ya Afrika Mashariki mapema. Mjini Zanzibar, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, aliyekuwa ameanza kwa kuonesha picha katika hema, alifungua jumba la Royal mwaka 1921. Baadaye miji mingi ya Tanganyika ilipata majumba yake, na Lindi yetu haikuachwa nyuma. Ulikuwa mji wa bandari na mashamba ya mkonge, na palikuwa na watu wenye mshahara na hamu ya kuona dunia. Filamu za Kihindi ndizo zilizoteka mioyo ya watu wa pwani. Awara ya mwaka 1951, aliyoiongoza na kuigiza Raj Kapoor, na Mother India ya mwaka 1957, ambamo Nargis anaigiza mama maskini asiyekubali kuuza heshima yake, zilipendwa na watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Walielewa kwa kuwa habari ya baba mkali, mama mvumilivu na mwana aliyepotea haihitaji mkalimani.

Lakini pamoja na umati uliokuwa ndani ya majumba hayo, ulikuwapo umati mkubwa zaidi uliobaki nje. Wa kwanza ni wale waliokosa nafasi. Mvuvi wa kijiji cha mbali na mkulima wa mihogo aliyeishi mwendo wa siku mbili kutoka mjini walizisikia filamu hizo kwa masimulizi tu. Kusini yetu ilijua sana kukosa kwa namna hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Lindi wakati wa masika ilikuwa mtihani wa subira, na kila kilichotoka mjini, liwe gazeti, dawa au kanda ya filamu, kilitufikia kikiwa kimechelewa. Mtu asiyetazama kwa sababu hiyo hana sifa wala lawama.

Wa pili ni wale waliozuiwa. Wakati wa ukoloni bodi za ukaguzi hazikuamua tu filamu ipi ioneshwe, bali pia ni nani aione. Zilikuwapo filamu zilizoruhusiwa kwa Wazungu na Waasia, wakazuiliwa Waafrika, kwa hofu kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mwizi, mlevi au mwenye kushindwa katika picha, hatamheshimu tena Mzungu aliye mbele yake ofisini. Katazo hilo lilitangazwa kuwa ulinzi wa maadili, lakini ndani yake lililinda pia kiti cha mtawala. Tulikumbuke jambo hili kila tunaposikia mtu akisema kwamba amekataza kitu kwa faida ya wengine. Huenda ni kweli. Hata hivyo ni haki kuuliza ni nani anayefaidika.

Si kila aliyekuwa na hofu ya sinema alikuwa na nia mbaya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Mradi huo ulitokana na Baraza la Kimataifa la Misioni, chombo cha makanisa ya Kiprotestanti, na fedha zake nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi 35, juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na kadhalika, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waanzilishi wake waliamini kwamba ni heri kumpa mtu kitu chema cha kutazama kuliko kumkataza kibaya tu. Wazo hilo lilikuwa jema. Kasoro yake ni kwamba walioamua kilicho chema walikuwa wageni, na mwenye macho hakuulizwa anapenda kuona nini.

Hata filamu iliyotengenezwa hapa kwetu na watu wetu wakiwa waigizaji inaweza kuwa maarufu bila kutazamwa. Mwaka 1952 ilitolewa Muhogo Mchungu, juu ya mtu wa shamba anayekwenda mjini na kukutana na hila za mji. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi wa serikali katika idara ya ustawi wa jamii, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu. Watanzania wengi wamesikia kwamba Mzee Kawawa aliwahi kuigiza sinema. Lakini ukiuliza katika jumuiya zetu ni nani ameiona filamu yenyewe, utapata kimya. Tunaijua kwa sifa, kama tunavyomjua babu aliyefariki kabla hatujazaliwa.

WALIOJIZUIA

Wa tatu ni wale waliojizuia wenyewe. Katika pwani yetu, ambako majirani zetu Waislamu ndio wengi, wazee wengi waliona kwamba giza la jumba la sinema halikuwa mahali pa mtu mwenye adabu, hasa mwanamke. Katika familia za Kikristo nazo fikra hizo hazikukosekana. Mama yule wa jumuiya yetu alilelewa katika hofu hiyo, nasi hatuwezi kumcheka. Alikuwa akitunza jina lake na la wazazi wake.

Hata hivyo historia inatuonesha kwamba adabu na macho yaweza kupatana. Zanzibar yalikuwapo maonesho ya mchana kwa ajili ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana. Wanawake waliotunza sitara walikwenda na mabuibui yao, pamoja na binti zao, dada zao na majirani, wakalia pamoja kwa ajili ya shida za Nargis, kisha wakarudi nyumbani kabla ya magharibi wakizungumza juu ya ndoa, umaskini na malezi. Jamii ile haikukubali kila kitu kilivyo, wala haikukataa kila kitu. Ilitafuta namna. Hekima ya kutafuta namna imetupungukia sana siku hizi.

Kanisa letu nalo limepita njia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1934 maaskofu wa Marekani walianzisha Jeshi la Adili, na mamilioni ya waamini wakaweka ahadi ya kutotazama filamu zinazodhuru imani na maadili. Papa Pius XI aliisifu kazi hiyo katika waraka wake Vigilanti Cura wa tarehe 29 Juni 1936. Wengi wanaoukumbuka waraka huo hudhani kwamba ulikuwa tamko la kuikataa sinema. Sivyo. Papa alitambua kwamba sinema yaweza kuwa chombo cha elimu, burudani njema na hata wema. Tena aliagiza kwamba katika kila nchi iwepo ofisi ya kudumu ya kuzipima filamu na kuwajulisha waamini zipi zinafaa kwa wote, zipi zinahitaji uangalifu, na zipi zinadhuru.

Tulitafakari agizo hili. Ili waamini wengi waweze kujizuia kwa haki, wachache walipaswa kutazama kwa bidii. Walikaa mbele ya kitambaa cheupe tangu mwanzo hadi mwisho, wakapima, wakajadiliana, ndipo wakasema. Kujizuia kwa Mkatoliki hakukutakiwa kujengwa juu ya uvumi. Kulitakiwa kujengwa juu ya ushuhuda wa mtu aliyeona na anayewajibika kwa maneno yake.

Hata hivyo waliotazama nao walikosea mara nyingine. Filamu fupi ya Mwitalia Roberto Rossellini, Muujiza, ilipooneshwa New York mwishoni mwa mwaka 1950, iliwekwa katika orodha ya zilizolaaniwa, na Kardinali Spellman akawataka waamini wasiiguse. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1952 iliamua kwamba filamu isizuiwe kwa madai kwamba inakufuru. Miaka ikapita. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee kwa dini, maadili na sanaa. Humo zimo filamu mbili za Rossellini yuleyule, mojawapo ikiwa ni ile ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi na ndugu zake. Hatusemi kwamba hukumu ya kwanza juu ya Muujiza haikuwa na sababu. Tunasema kwamba mtu aliyewekwa upande wa wenye kufuru alipatikana baadaye miongoni mwa wale waliotusaidia kumpenda mtakatifu. Macho ya Kanisa yalijifunza, na kujifunza si aibu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliweka wajibu huo juu ya mabega ya kila mmoja wetu. Anayesoma, anayesikiliza na anayetazama anapaswa kuchagua kwa dhamiri iliyofundishwa, na kufanya bidii ya kupata habari za kweli kabla ya kuchagua. Hati haikutuachia raha ya kusema kwamba watu wanasema.

WALIOSHUTUMU BILA KUONA

Sasa tunafika kwa kundi la nne, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Hawa ni wale ambao hawakutazama, lakini walisema kana kwamba walitazama.

Watanzania wenye umri wa kutosha wanaikumbuka sinema ya Mapanki. Jina lake halisi, kwa Kiswahili, ni Jinamizi la Darwin. Iliongozwa na Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, ikatoka mwaka 2004, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa filamu za habari za kweli zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Ilihusu samaki aina ya sangara, waliopandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na biashara ya minofu yao kutoka Mwanza kwenda Ulaya. Ilionesha viwanda, marubani, makahaba, watoto wa mitaani, na maskini wakiandaa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. Tena iliashiria kwamba ndege zilizokuja kuchukua samaki huenda zilileta silaha kwa ajili ya vita vya nchi jirani.

Mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani, akisema imelichafua jina la nchi na kukanusha habari za silaha. Mwezi uliofuata wananchi waliandamana Mwanza kumpinga mtengenezaji wake. Mjadala ukawaka magazetini, redioni na katika vijiwe vya kahawa, hata huku kwetu Kusini, mbali kabisa na Ziwa. Kila mtu alikuwa na neno. Lakini filamu yenyewe haikuwa imepita katika majumba yetu ya sinema, na waliopata kuitazama walikuwa wachache mno. Taifa zima lilibishana juu ya picha ambazo karibu kila mbishani hakuwa ameziona. Wahenga walitufundisha kwamba usiandikie mate na wino ungalipo. Sisi tuliandikia mate, tena kwa herufi kubwa.

Tusielewe vibaya. Mtu anapoona mji wake ukitangazwa duniani kama mji wa aibu, ana haki ya kuumia. Hasira ya watu wa Mwanza haikuwa ya uongo. Wala filamu haikuwa bila dosari. Aliyeitazama anaweza kusema kwa usahihi kwamba haioneshi hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza, na kwamba sehemu yake nzito zaidi ni rubani anayesimulia mizigo aliyowahi kuipeleka Angola. Huyo anaweza kuuliza kama dokezo latosha kuwa ushahidi. Nchini Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliichambua vikali filamu hiyo, lakini naye alivuka mpaka alipomtuhumu mtengenezaji, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kashfa. Ndivyo ulivyo uzito wa maneno, kwa anayeonesha na kwa anayeshutumu vilevile.

Lakini tazameni ni nini kilichopotea katika kelele zile. Tulibishana juu ya jina la nchi, juu ya Mzungu na nia zake, juu ya nani mzalendo na nani msaliti. Mama anayekaanga mapanki kando ya Ziwa hakuulizwa neno. Kwa nini samaki bora wa ziwa letu walikwenda mbali, nasi tukabaki na mifupa? Je, alipata haki yake mvuvi aliyemvua sangara yule? Maswali hayo yalikuwa yetu, si ya Sauper. Sisi wa pwani hii, ambao nasi tunajua samaki wakubwa wakipakiwa barafu kwenda kwa wenye fedha, tungepaswa kuwa wa kwanza kuyauliza. Kutotazama kulitupa nafasi ya kutoyajibu.

KOSA LETU WENYEWE

Hatuwezi kuandika haya tukijiweka pembeni. Mwezi Mei wa mwaka uleule wa 2006 ilitoka filamu The Da Vinci Code, iliyosimulia uzushi juu ya Bwana wetu na Kanisa lake. Tulikuwa katika parokia nyingine wakati huo, na damu ilikuwa bado moto. Jumapili moja tulipanda mimbarini, tukaishambulia filamu hiyo kwa dakika nyingi, kisha, kwa kuwa maneno huzaa maneno, tukaunganisha humo vibanda vyote vya video vya mtaani tukaviita mapango ya shetani. Filamu hatukuwa tumeiona. Vibanda hatukuwa tumeviingia.

Mama mmoja alikuja ofisini siku ya pili yake. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama mwanawe amepotea. Kijana wake alikuwa na kibanda cha video, na kutokana na viingilio vya kibanda hicho wadogo zake wawili walikuwa wakisoma. Alikuwa pia mwimbaji wa kwaya, na alikuwa kanisani Jumapili ile. Mama alisema kwamba tangu aliporudi nyumbani hajala, na kwamba ameapa hatakanyaga tena mahali alipoitwa mtoto wa pango.

Tulikwenda kibandani jioni ileile. Tulikuta mabenchi ya mbao, kuta za makuti, televisheni moja na jenereta iliyounguruma nje. The Da Vinci Code haikuwapo, wala hakuna aliyeijua. Zilikuwapo filamu za mapigano, zikiwa na sauti ya Mtanzania aliyezitafsiri na kuzisimulia kwa Kiswahili kwa ustadi wa ajabu, na zilikuwapo filamu za Kitanzania zilizoanza kushika soko miaka ile. Ilikuwapo pia filamu ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979, ile ambayo imezungushwa vijijini kwa lugha nyingi kuliko filamu yoyote, na kijana alituambia kwamba huionesha kila Ijumaa Kuu, bure. Lakini tuliona na jambo jingine. Katika mabenchi ya mbele walikaa watoto wadogo, na mmoja wao alituambia bila hofu kwamba alikuwa pale tangu asubuhi. Ilikuwa siku ya shule.

Hapo ndipo tulipoielewa aibu yetu. Tulikuwa tumepiga kelele juu ya filamu isiyokuwapo, na mtoto asiyekwenda shule hatukumsemea hata neno. Laiti tungekwenda kuona kabla ya kusema, tungekuwa na neno moja dogo, la kweli, lenye msaada. Tulilisema jioni ile, tukiwa tumeketi benchini: watoto wasiingie saa za shule, na filamu za mapigano zioneshwe usiku kwa wakubwa. Kijana alikubali mara moja, akabandika tangazo mlangoni. Jumapili iliyofuata tuliomba radhi mimbarini. Hata hivyo katika kwaya hakurudi. Tumeombea jambo hilo mara nyingi, na tunaendelea kuliombea. Neno la padre likishatoka mbele ya watu haliokotwi lote.

MACHO HAYANA PAZIA

Huenda mtu atatuuliza: je, basi tutazame kila kitu ili tupate kukisema? Hapana. Wahenga wanasema macho hayana pazia, na Mtakatifu Augustino alilijua hilo muda mrefu kabla ya sinema. Katika kitabu cha sita cha Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana aliyeyachukia michezo ya wapiganaji kule Roma. Rafiki zake walimburuta hadi uwanjani. Alipio alifumba macho, akijivuna kwamba mwili wake tu ndio utakaokuwapo. Umati ulipopiga ukelele mkubwa, alishindwa na tamaa ya kujua, akafumbua. Alipoiona damu, aliinywa kwa macho, na tangu siku ile akarudi tena na tena, akiwaongoza hata wale waliomburuta. Baadaye Mungu alimponya, naye akawa askofu wa mji wake wa Tagaste. Augustino hamlaumu kwa kuwa aliogopa kutazama. Anasikitika kwamba alizitumainia nguvu zake mwenyewe.

Kwa hiyo yuko mtu anayejizuia kwa hekima. Anajijua. Anajua kwamba picha za namna fulani zitamharibu, zitaingia usingizini mwake, zitaichafua sala yake au kuivunja ndoa yake. Huyo anafanya vema kutozitazama, na hana haja ya kumweleza mtu. Wapo waamini wetu ambao hawakuweza kuitazama The Passion of the Christ, iliyotoka mwaka 2004, kwa sababu ya wingi wa damu na mapigo. Wengine walitoka humo wakilia na kukimbilia kitubio. Hatumwoni mmoja kuwa mtakatifu kuliko mwenzake. Njia ya Msalaba ipo kila Ijumaa ya Kwaresima kwa wote wawili.

Lakini anayejizuia kwa hekima ana alama yake: hunyamaza juu ya asichokijua. Husema, “Mimi sitazami,” na kuishia hapo. Hasemi, “Wanaotazama wamepotea.” Na anapolazimika kusema, kwa kuwa ni mzazi, mwalimu, kiongozi au padre, kwanza huuliza, huenda, huona, au walau humtafuta mtu mwaminifu aliyeona.

Majumba ya sinema ya zamani yamefungwa kwa sehemu kubwa katika miji yetu. Mengine yamegeuzwa maghala, maduka na hata nyumba za ibada. Picha zimehamia katika simu za mkononi, na mtoto wa Mtanda anabeba mfukoni jumba kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Bodi ya ukaguzi haikai mfukoni mwake, wala paroko. Kilichobaki ni dhamiri yake, na mtu mzima wa karibu ambaye yuko tayari kuketi naye, kutazama naye na kuzungumza naye. Mzazi anayelaani simu bila kujua kilichomo atapiga kelele juu ya filamu isiyokuwapo, kama sisi.

Juma hili, wapendwa, tunawaomba jambo moja. Kila mmoja akumbuke kitu kimoja, au mtu mmoja, aliyemhukumu kwa sababu watu walisema. Kama ni kitu, akitafutie habari za kweli. Kama ni mtu, amtembelee. Natanaeli angeweza kubaki chini ya mtini wake, akiwa na uhakika wake juu ya Nazareti, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliinuka, akaenda.

Bwana Yesu, uliyemwona Natanaeli kabla yeye hajakuona, utufumbue macho tuwaone ndugu zetu kabla ya kuwasemea, na utufumbe midomo mahali ambapo macho yetu hayajafika. Mama Bikira Maria, uliyeyaweka mambo yote moyoni na kuyatafakari, utuombee.